Mafuta ya Mjane na Deni la Taifa



Katika kikao cha mwisho cha Halmashauri ya parishi yetu lilizuka neno ambalo limetukaa moyoni hata leo. Tulikuwa tukizungumza habari za ukumbi wetu, ambao kuta zake zimesimama lakini hauna paa. Ndugu mmoja akasimama akashauri tukope fedha ili tuimalize kazi. Mwingine akasitasita. Ndipo wa tatu akasema, "Serikali zote duniani hukopa mabilioni. Mbona sisi tuogope milioni chache?" Watu wakacheka, na neno hilo likaahirishwa mpaka kikao kijacho.

Sisi hatukuweza kucheka. Tumefundisha shule za msingi karibu miaka arobaini, na deni la Serikali si jambo tulilolisoma magazetini tu. Tumeliona likiingia darasani na kukaa kwenye dawati la mtoto. Basi tumeonelea tuwaandikieni machache juu ya jambo hilo, si kama wataalamu wa uchumi, maana chuo chetu kilikuwa cha ualimu, bali kama wazee waliokwisha kuona mambo, na kama Wakristo wenye Neno la Mungu la kutuongoza.

Somo letu limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, aya ya 1 hadi ya 7. Twaombeni mlisome nyumbani pamoja na watoto. Habari yenyewe ni hii. Mtu mmoja miongoni mwa wana wa manabii, mcha Mungu, alikufa akaacha deni. Mwenye kudai akaja kwa mjane wake, akitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama akamlilia nabii Elisha. Elisha akamwuliza ana kitu gani nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Nabii akamwagiza aazime vyombo vitupu kwa majirani wote, wala asiazime vichache; kisha ajifungie ndani na wanawe, ayamimine mafuta. Yakamiminika mpaka vyombo vikaisha. Nabii akamwambia auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki kiwe chakula chake na wanawe.

Ndugu zangu, tazameni mambo matatu katika habari hii.

La kwanza, aliyekopa hayupo. Amekwisha kufa, wala hatuambiwi alikopa kwa ajili gani. Labda kulikuwa na njaa, labda ugonjwa, labda alidhani mavuno yatakuwa mema. Alikuwa mcha Mungu, na bado deni lilibaki. La pili, waliotakiwa kulipa ni watoto, ambao hawakukopa, wala hawakuulizwa, wala labda hawakujua. La tatu, Elisha hakumwambia mama asilipe. Wala hakuanza kwa kutafuta mtu mwingine wa kumkopesha. Alianza kwa kuuliza juu ya kile kilichomo nyumbani.

Deni la taifa lina sura hiyo hiyo. Serikali hukusanya kodi na ushuru, ikatumia kwa mishahara, dawa, shule, barabara na ulinzi. Ikiwa matumizi yamezidi makusanyo, pengo huzibwa kwa mkopo. Mkopo mwingine hutoka ndani ya nchi, kwa mabenki na kwa wananchi wanaonunua hati za Serikali. Mwingine hutoka nje: kwa Benki ya Dunia na mashirika kama hayo, ambayo mara nyingi hutoza riba ndogo na kungoja miaka mingi, au kwa Serikali rafiki, au kwa wafanyabiashara wa fedha wa London na New York, ambao hutoza riba ya soko na hawana ajizi siku ya malipo ikifika. Mkopo wa nje hulipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hupatikana hasa kwa kuuza vitu nje: mkonge, kahawa, pamba, dhahabu, shaba, au kwa watalii. Bei ya vitu hivyo ikianguka, mdaiwa hubanwa hata kama amefanya kazi kwa bidii usiku na mchana.

Kukopa si dhambi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa miaka ya 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, wakati ambapo ndugu zetu wa Zambia walikuwa wamefungiwa njia za kusini. Reli ile ilikuwa haja ya kweli, na ipo hata leo. Lakini wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tuone jinsi matanga yalivyotufikia sisi wenyewe.

Wenye umri wetu wanakumbuka. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na mwaka 1979 ikapanda tena. Katikati yake palikuwa na ukame wa 1973 na 1974, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya kumwondoa Idi Amin vya 1978 na 1979. Wakati huohuo mazao yetu yalikuwa yanashuka. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 haukufika hata tani 40,000, maana kamba za plastiki zilikwisha kuchukua soko, na mashamba yetu yalikuwa yamechoka. Hayo mengi hatukuyataka sisi.

Lakini si haki kusema kwamba makosa yote yalikuwa ya wengine. Tulikopa pia kwa mambo ambayo hatukuyapima. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nia ikiwa ni kutengeneza viatu mamilioni kila mwaka, na sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwisho kikafungwa. Waliokopesha walikosea hesabu, na sisi tuliokopa tulikosea pamoja nao. Viatu havikwenda Ulaya, lakini deni lilibaki letu.

Mwanzo wa mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza mbele ya mabalozi, tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Baadaye akauliza swali zito zaidi: je, ni lazima tuwatie watoto wetu njaa ili tulipe madeni? Ilipofika mwaka 1986, katika uongozi wa Mzee Mwinyi, nchi ilikubaliana na Shirika lile, kwa kuwa maduka yalikuwa matupu na hapakuwa na njia nyingine iliyoonekana. Shilingi ikashushwa thamani. Na hapa tuwape hesabu moja kama tulivyokuwa tukiwapa watoto wa darasa la sita. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 1990 ilikuwa kama shilingi 195. Mtu aliyekuwa anadaiwa dola 100, mwaka wa kwanza alihitaji shilingi 1,700 kuzilipa. Baada ya miaka mitano alihitaji shilingi 19,500. Hakukopa hata senti moja zaidi. Ndivyo deni la fedha za kigeni linavyoweza kukua wakati mdaiwa amelala usingizi.

Sasa tuseme jambo ambalo hatujawahi kuliandika.

Mwaka 1988 tulikuwa walimu vijana katika shule moja ya kijijini. Serikali haikuwa na fedha ya kutosha kwa shule, kwa hiyo wazazi walitakiwa kutoa michango: ya madawati, ya madaftari, ya ukarabati, ya hiki na kile. Chaki tulikuwa tukizigawana vipande. Asubuhi mstarini, mwalimu wa zamu alisoma majina ya watoto ambao hawajaleta mchango, nao wakarudishwa nyumbani. Wiki moja zamu ilikuwa yetu. Tukasoma majina. Alikuwamo binti mmoja wa darasa la tano, mwepesi wa hesabu kuliko wote, hata tulizoea kumwachia ubao awaeleze wenzake. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba la mkonge ambalo lilikwisha kusimamisha kazi. Aliposikia jina lake hakulia. Aliweka mikono nyuma, akatoka katika mstari, akaenda zake. Tulidhani atarudi baada ya mavuno. Hakurudi.

Tulikuwa tunatii amri, nayo shule ilikuwa na shida ya kweli. Lakini sauti iliyolitamka jina lile ilikuwa yetu. Mara nyingi, tunaposimama kanisani kuungama pamoja na ninyi mambo tuliyoyatenda na tuliyoyaacha, jina hilo hutujia.

Basi miaka ikapita. Kanisa halikunyamaza. Mwaka 1998, maaskofu wetu wa Anglikana kutoka pande zote za dunia walipokutana Canterbury katika Mkutano wa Lambeth, jambo la madeni ya nchi maskini lilikuwa miongoni mwa mambo makubwa waliyoyajadili, na Askofu Mkuu Njongonkulu Ndungane wa Cape Town alikuwa mstari wa mbele. Mwezi Mei wa mwaka huohuo, wakuu wa nchi tajiri walipokutana mjini Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji, wakitaka madeni yafutwe ifikapo mwaka 2000. Wengi walikuwa waumini wa makanisa, kina mama wa parishi kama wa kwetu, ambao hawakuwahi kufika Afrika. Walilichukua jina la harakati yao katika Mambo ya Walawi mlango wa 25, mwaka wa yubile, mwaka ambao shamba lililouzwa kwa shida humrudia mwenyewe, na mtumwa hurudi kwa jamaa zake.

Mungu alisikia. Mwezi Novemba 2001, Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Jumla ya malipo tuliyopunguziwa, kwa miaka mingi ijayo, ilikadiriwa kuwa dola bilioni 3. Mwaka 2006 msamaha mwingine ukafuata. Sharti lilikuwa kwamba nafuu hiyo iende kwa elimu, afya, maji na barabara za vijijini. Ndipo, pamoja na misaada na mikopo mingine nafuu, ada ya shule ya msingi ikaondolewa, na Januari 2002 ukaanza ule mpango tuliouita MMEM. Mwaka 2000 watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa kama milioni 4 na nusu. Mwaka 2005 walizidi milioni 7.

Sisi tulikuwapo. Asubuhi ile ya kuandikisha, msururu ulitoka mlangoni ukafika barabarani. Wengine walikuja na umri wa miaka kumi na miwili kuanza darasa la kwanza. Madarasa yalijaa kupita kiasi, walimu tulikuwa wachache, na sauti zetu zilikauka kabla ya saa nne. Katika msururu huo alisimama mama mmoja kijana, anauza vitumbua stendi, amemshika mkono mtoto wa miaka saba. Alikuwa yule binti. Tulipomwandika mtoto, alituuliza kwa adabu, "Mwalimu, hamtasoma majina tena?" Tukamjibu, "Hapana, mama. Hatutasoma tena." Mtoto huyo alimaliza darasa la saba, akaendelea mbele.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba madeni ya mataifa ni mambo ya wakubwa yasiyomhusu Mkristo wa kijijini, tunajua kwamba hasemi kweli. Deni lilimtoa mtoto shuleni, na msamaha wa deni ulimwingiza mtoto wake.

Lakini hadithi haikomi hapo, na hii ndiyo sababu hasa ya kuwaandikia. Yubile humrudishia mtu shamba lake, lakini haimlimii. Mjane wa Elisha alilipa deni, akaambiwa aishi kwa kilichobaki. Hakuambiwa aende akakope upya kwa kuwa sasa jina lake ni safi.

Tazameni ndugu zetu wa Zambia. Tuliwaita ndugu, nao ni ndugu kweli, maana misheni ile ile ya UMCA iliyowalea babu zetu katika imani ilihubiri huko pia. Wao nao walisamehewa. Kati ya mwaka 2005 na 2006 deni lao la nje liliteremka kutoka kama dola bilioni 7 hadi chini ya bilioni 1. Shaba yao ikapanda bei, uchumi ukachangamka. Wafanyabiashara wa fedha, ambao zamani hawakutaka hata kuwaona, wakaja na mikoba wazi. Mwaka 2012 Zambia ilikopa kwao dola milioni 750. Mwaka 2014 dola bilioni 1. Mwaka 2015 dola bilioni 1 na robo. Mikopo mingine mingi ikatoka China, kwa barabara, viwanja vya ndege na umeme. Mengine yalikuwa mema, lakini mengine yalizidi kifua. Kisha bei ya shaba ikaanguka, mvua zikakosa, na mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Katika mwaka huo mmoja dola ilipanda kutoka kama kwacha 14 hadi kama 21. Mwezi Novemba 2020 Hazina ya Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42 na nusu. Miaka 15 tu baada ya kusamehewa, walikuwa tena mlangoni, na mwenye kudai anabisha hodi.

Na safari hii msamaha ulikuwa mgumu zaidi. Zamani wadai wengi walikuwa Serikali na mashirika makubwa, waliweza kuitwa katika chumba kimoja. Safari hii walikuwa wengi, wa namna mbalimbali, kila mmoja akimwangalia mwenzake aone nani ataachia kwanza. Mapatano na Serikali zilizowakopesha yalipatikana Juni 2023, na wenye hati wakapatana nao mwaka 2024. Zaidi ya miaka mitatu taifa zima lilikaa likingoja. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Lililompata jirani leo, kwetu laweza kuja kesho.

Kwa majirani zetu wa Kenya, mwezi Juni 2024, Serikali ilitaka kuongeza kodi, pamoja na sababu nyingine ili iweze kuubeba mzigo wa madeni. Vijana wakajaa barabarani, wakaingia hata Bungeni, na watu wakapoteza maisha. Muswada ukaondolewa, lakini madeni hayakuondoka pamoja nao. Ukilisoma Neno la Mungu utaona kwamba habari hiyo si ngeni. Katika Nehemia mlango wa 5 watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine kwamba wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Na kwamba wana wao na binti zao wanatiwa utumwani, nao hawana uwezo wa kuwaokoa.

Nehemia alifanyaje? Kwanza, alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Pili, alishauriana na moyo wake kabla ya kusema. Tatu, aliwakemea wakuu mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba na waache kutoza riba ile. Na la nne, ambalo husahauliwa, alijitazama mwenyewe: alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakiwakopesha watu, na kwa miaka kumi na miwili ya uliwali wake hakula posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Kiongozi anayewaambia watu wafunge mkanda, aanze kuufunga wa kwake.

Basi sisi tufanye nini? Hatuketi Hazina, wala hatuitwi London. Lakini twaweza kufanya yanayotupasa.

Kwanza, tuulize. Swali la Elisha ni letu sote: kuna nini nyumbani? Na tuongeze mengine matatu ambayo mwenye nyumba yeyote angeuliza: fedha hizi ni za kazi gani, kazi hiyo itazaa nini cha kulipia, na nani atalipa ikiwa sisi hatupo? Bwana wetu mwenyewe, katika Luka mlango wa 14, aliuliza nani atakayejenga mnara bila kuketi kwanza ahesabu gharama. Katika nchi yetu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti kila mwaka, nayo huwekwa mezani Bungeni. Si siri. Vijana wetu wanaosoma wanaweza kutusomea na kutufafanulia. Mkutano wa kijiji nao hupaswa kuwasomea wananchi mapato na matumizi. Ni wangapi kati yetu huhudhuria? Mkristo anayekaa nyumbani siku ya mkutano, kisha akalalamika baada ya Misa chini ya mwembe, amelitupa swali la Elisha.

Pili, tulete vyombo. Muujiza wa mjane ulisimama vyombo vilipokwisha. Majirani walioazimisha vyombo vyao walikuwa na sehemu katika wokovu wa watoto wale. Kodi ni chombo. Anayeuza bila kutoa risiti, na anayenunua bila kuidai ili apunguziwe bei kidogo, amekificha chombo chake uvunguni. Na pengo analoliacha litajazwa kwa mkopo, na mkopo utalipwa na mjukuu wake. Hali kadhalika mtumishi wa umma anayekula fedha ya kisima amewaachia watoto deni bila maji.

Tatu, tuwaombee wakopaji na wakopeshaji pia. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye mali kumbana ndugu yake aliyeanguka. Anayemkopesha maskini akijua kwamba hawezi kulipa, kwa kuwa anaitamani riba yake, ana hesabu ya kutoa mbele za Mungu. Tusiache kulisema hilo kama maaskofu wetu walivyolisema mwaka 1998. Kila siku twamwomba Baba atuachilie tunayodaiwa kama sisi tunavyowaachilia wengine. Sala hiyo ina macho mawili: moja humtazama mwenye kudai, ili asiwe mkatili, la pili humtazama mwenye kudaiwa, ili asiwe mzembe kwa rehema aliyoipata.

Na sasa turudi kwenye ukumbi wetu.

Hatuwaambii Halmashauri isikope. Huenda kukopa kutakuwa busara. Lakini tunaomba kwamba kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, tujiulize kama mjane alivyoulizwa. Tuna nini nyumbani? Tuna shamba la minazi la Kanisa ambalo halijapaliliwa tangu mwaka juzi. Tuna mafundi seremala watatu katika parishi hii. Tuna Umoja wa Kina Mama ambao haba na haba yao ilijenga nyumba ya padre. Tuna ahadi za mavuno ambazo wengi wetu hatujazitimiza, na sisi tunaoandika tulikuwa miongoni mwao mpaka juma lililopita. Tukimimina hayo yote, na bado pana pengo, basi tukope kiasi cha pengo, kwa masharti ambayo yatasomwa kwa sauti mbele ya waumini wote, kwa riba inayojulikana, na kwa muda ambao sisi wenyewe twatazamia kuwa hai kulipa.

Maana watakaotia sahihi ni wazee. Wengi tumepita miaka sitini. Mkopo wa miaka kumi na mitano tutauanza sisi, na watamaliza kulipa wale wanaokaa sasa mikekani katika Shule ya Jumapili, wakiimba kwa furaha bila kujua kwamba tunaandika majina yao. Sisi tumekwisha kusoma majina ya watoto mara moja. Hatutaki kuyasoma tena.

Bwana, aliyejaza vyombo vya mjane, atujalie macho ya kuona kilichomo nyumbani mwetu, mikono ya kukitumia kwa uaminifu, na moyo wa kuwahurumia walioelemewa. Awape hekima wote wenye mamlaka katika nchi yetu na nchi jirani, ili watoto wa Afrika wasitolewe rehani kwa mambo ambayo hawakuyaomba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyetulipia deni tusiloweza kulilipa. Amina.